Mlango sijaukaza: kuusoma wimbo wa urafiki uliovunjika

Fidla na akodioni zimemaliza utangulizi, mwimbaji ameingia ubeti wa pili. Kwenye safu ya nyuma ya ukumbi wa taarab mwanamke anainuka, anaikunja noti ya elfu tano kwa urefu, anaishika kwa ncha za vidole viwili na kuanza kwenda jukwaani. Njia ya katikati ya viti iko wazi. Haipiti. Anazungukia kulia, anapita polepole mbele ya safu ya tatu, bega kaligeuza kidogo, halafu ndipo anapanda kumtunza mwimbaji kwa noti ile. Kwenye safu ya tatu kuna mtu ambaye ghafla ameona jambo la maana sana kwenye simu yake.

Waliokaa karibu wanakonyezana.

Wimbo umepata mtu wake, na aliyeutunga wala hayupo ukumbini. Pengine aliutunga miaka mingi nyuma, katika mji mwingine, kwa ugomvi ambao wenyewe walishapatana au walishazikwa. Mwimbaji naye anaimba kazi ya mtu. Sasa maana ya wimbo ule iko kwa nani: kwa mtunzi, kwa sauti iliyouimba, au kwa ile noti?

Swali hili limenikera kwa wiki kadhaa, kwa sababu kila wimbo wa marafiki waliotengana ukianza kuvuma, jambo la kwanza watu wanalouliza ni hilohilo: kaimbiwa nani? Jina likishapatikana, kweli au uzushi, kazi imekwisha. Hakuna anayerudi kusoma mashairi. Naona swali la mwisho limewekwa mwanzo, na makala hii ni jaribio la kulirudisha mahali pake.

## Beti tatu za kazi

Nisije nikamwingiza mtu wa kweli kwenye ugomvi asioujua, nimetunga wimbo mfupi wa mfano, na nitausoma kana kwamba ni kazi ya mtunzi mwingine. Umbo lake ni la kawaida katika taarab: mishororo mitatu kila ubeti, mizani 8 kwa 8, vina vya kati na vya mwisho, na kiitikio cha mshororo mmoja.

*Ufunguo wa sanduku, nilikupa kwa amana,*
*Mchana hata usiku, mlangoni twaitana,*
*Leo siri ni udaku, kila baraza wanena.*

*Waja wanipita kando, kama tusiojuana.*

*Kipande cha doti yangu, bado unajifunika,*
*Nami nacho cha mwenzangu, sandukuni nakiweka,*
*Kikichanika si changu, ni wewe uliyetaka.*

*Waja wanipita kando, kama tusiojuana.*

*Lau ungeniuliza, ningekuambia kweli,*
*Maneno walieneza, nawe ukaja wa pili,*
*Mlango sijaukaza, na komeo liko mbali.*

Usome mara moja, kisha sema ni wimbo wa nini. Wengi watajibu kuwa ni kijembe: shoga katoa siri, shoga kasutwa. Jibu hilo linatokana na ubeti wa pili peke yake, kama ule ambao yule mwanamke alitunzia.

## Andika kwanza, tafsiri baadaye

Makosa mengi ya tafsiri huanzia kwenye kuandika. Mtu husikiliza mara moja, akaandika anachodhani amesikia, kisha akakitolea maana kitu ambacho hakikuimbwa.

Sikiliza wimbo wote bila kalamu. Mara ya pili andika nusu mshororo, simamisha, andika nusu nyingine. Usiandike vikolezo vya sauti, zile *aa* na *ee* ambazo mwimbaji anazivuta ili kufuata lahani, yaani mahadhi ya wimbo. Hizo ni za muziki, hazimo kwenye hesabu. Waitikiaji wakirudia, andika waliloimba wao pia, maana mara nyingine hutamka neno waziwazi kuliko mwimbaji mwenyewe.

Halafu hesabu mizani. Kila irabu ni mzani mmoja, na *m* inayosimama peke yake kama kwenye *mchana* ina mzani wake. Kipande kikitoka 8, endelea. Kikitoka 7, kuna kisehemu kimekupita. Kikitoka 9, kuna uwezekano mkubwa kwamba umesahihisha kitu ambacho hakikuwa kosa. Hili la 9 ndilo hatari zaidi, kwa sababu mkono wetu umezoea Kiswahili cha darasani na huandika *tunaitana* pale sikio liliposikia *twaitana*.

Vina navyo husaidia. Neno lisilosikika vizuri mwishoni mwa kipande linabanwa na silabi iliyotangulia: ubeti wa kwanza hapa lazima uishie *-ku* katikati na *-na* mwishoni, kwa hiyo kati ya maneno mawili yanayofanana, moja tu ndilo litakaa.

Kwa nyimbo za Mombasa na Lamu ongeza tahadhari ya lahaja. *Mato* ni macho. *Ndia* ni njia. *Wateka* yaweza kuwa wacheka, na *ndoo* yaweza kuwa njoo. Msikilizaji wa bara akikutana na hayo mawili katika ubeti mmoja ataapa kwamba wimbo unahusu watu waliokwenda kuchota maji.

## Wanena nani?

Sasa turudi kwenye kipande kinachoamua kila kitu: *kila baraza wanena.*

Wanaopenda kusahihisha wataandika *unanena* au *wananena*. Vyote viwili vinafikisha mizani 9, na kila kimoja kimekwisha kuhukumu. Ukiandika *unanena*, rafiki ndiye anayezunguka barazani na siri. Ukiandika *wananena*, ni walimwengu, na rafiki bado hajashtakiwa kwa lolote.

Mtunzi hakuchagua. Wakati uliopo wa *-a-* unamruhusu kusema wewe na kusema wao kwa sauti ileile, na hiyo ni moja ya zana kongwe za fumbo la Kiswahili. Kiitikio kina mtego uleule mara mbili: *waja wanipita*. Ni wewe unayenipita kando, au ni mtaa mzima?

Msikilizaji husikia wewe, kwa sababu ya *nilikupa* ya mshororo wa kwanza. Mtu alishatajwa, basi sikio linaendelea kumfuata huyohuyo. Ni usikivu wa kawaida kabisa. Lakini subiri ubeti wa tatu: *maneno walieneza*. Hapa mlango wa utata umefungwa, maana angekuwa wewe ingekuwa *ulieneza*. Walioanza ni wengine.

*Nawe ukaja wa pili.*

Kipande hiki nimekizunguka sana. Wa pili wa nini? Wa pili wa kueneza, yaani alipokea maneno akayapeleka mbele? Wa pili wa kuamini? Au wa pili kwa ubaya, adui namba mbili? Beti hazisemi, na sioni haki ya kuzilazimisha. Linalosemwa ni moja: hakuwa wa kwanza. Ukirudi sasa hadi ubeti wa kwanza na jambo hilo mkononi, *wanena* inaegemea upande wa wao. Lakini inaegemea tu. Mwenye ufunguo alikuwa mmoja, na siri haikutoka sandukuni yenyewe.

Kwa hiyo wimbo unamshuku rafiki na kumtetea kwa pumzi moja. Ukitoa mojawapo umeubomoa.

## Rafiki au mpenzi?

Swali la pili ambalo watu hulirukia: je, huu si wimbo wa mapenzi tu uliovishwa nguo ya urafiki? Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke kwenye viambishi, na maneno kama *muhibu*, *mwandani* na *mwenzangu* hutumika pande zote mbili. Anayesema *umeniacha* anaweza kuwa ameachwa na mume, na mama, na jirani au na chama cha siasa.

Kipimo ninachokiamini ni hiki: usitazame anavyoitwa aliyeondoka, tazama kilichopotea pamoja naye.

Mpenzi akiondoka katika taarab, kinachopotea ni cha mwili na cha usiku. Usingizi hauji, chakula hakipiti, homa haina dawa, asumini imenyauka, harufu imebaki kwenye mto. Ndege ameruka mtini, jahazi limeng'oa nanga. Mtu anaumwa, na tabibu ni mmoja tu.

Rafiki akiondoka kinachopotea ni cha mchana na cha nyumbani: siri, ufunguo, chungu, mkeka, mkopo, mtoto aliyekuwa akilelewa nyumba mbili, nguo iliyoazimwa. Hapa hakuna anayeumwa. Kuna anayehesabu.

Wimbo wetu hauna ua hata moja wala usiku usio na usingizi. Neno *usiku* limo, lakini ni usiku wa kuitana mlangoni. Una sanduku, ufunguo, baraza, komeo na doti. Mimi ningeuweka kwenye urafiki bila kusita sana. Kusita kidogo kupo, kwa sababu watunzi wazuri huazima: mtunzi anayetaka kumficha mpenzi atamvika vitu vya rafiki, hasa ikiwa mapenzi yenyewe si ya kutajwa. Dawa ya hilo ni kuhesabu vitu, usidake kimoja. Picha moja ya sanduku haithibitishi chochote. Picha tano za nyumbani na sifuri za mwili zinathibitisha kitu.

## Doti

Ubeti wa pili unahitaji kusimamishwa, kwa sababu kila mtu anadhani ameuelewa.

Kanga huuzwa doti, vipande viwili vilivyounganika, pindo moja, mji mmoja (sehemu ya kati), jina moja (maneno yaliyoandikwa). Inakatwa katikati na kupindwa. Mashoga wawili wanapogawana doti, kila mmoja anabaki na kipande chenye maneno yaleyale. Wakigombana, maneno hayo yanaendelea kuvaliwa mitaa miwili. Ndiyo maana *bado unajifunika* ina uzito. Katika wimbo mzima, hili ndilo tendo pekee la rafiki ambalo halina ubaya wowote: anavaa kanga. Hajaitupa, hajaifanya tambara la jikoni.

Naye mwimbaji? *Nami nacho cha mwenzangu, sandukuni nakiweka.* Hata yeye hajakitupa. Tena ona anakiweka wapi. Sanduku ni lilelile la mshororo wa kwanza, ambalo ufunguo wake alimpa rafiki kwa amana, na katika beti zote tatu hakuna mshororo unaosema ufunguo umerudi.

Anakiweka kipande mahali ambapo rafiki bado anaweza kufungua.

Ndipo unakuja mshororo wa kijembe: *kikichanika si changu, ni wewe uliyetaka.* Ukumbi unalipuka, noti zinapanda. Lakini kipi kitakachochanika? *Ki-* inaweza kurudi kwenye kipande cha rafiki au kwenye hiki cha sandukuni. Kama ni cha rafiki, ni tishio: shauri yako. Kama ni hiki cha mwimbaji, basi anakana kitu alichokiri kukitunza mshororo mmoja nyuma. Nasoma la pili. Hasira ya mshororo ule ni ya mtu aliyejishika anajali, akaona aibu, akaongeza ukali kwenye sauti.

Msomaji mwingine anaweza kushika la kwanza na nisiweze kumpinga kwa sarufi. Nitampinga kwa mpangilio: mtunzi aliyetaka kutisha tu hakuwa na sababu ya kutuonyesha sanduku kwanza.

## "Mimi" si mwimbaji

Kosa linaloharibu tafsiri nyingi ni kudhani anayeimba anasimulia maisha yake. Taarab ni kazi ya mgawanyo tangu zamani. Kuna mwenye shairi, kuna mwenye lahani, kuna mwenye sauti. Juma Bhalo wa Mombasa, kwa mfano, aliimba mashairi mengi ya Ahmad Nassir Juma Bhalo, mshairi aliyeandika vitabu. Na pwani imewahi kuwa jambo la kawaida mtu mwenye dukuduku kwenda kwa mshairi na kueleza yaliyompata, naye akamtungia. Hapo wanakuwa watatu ndani ya "mimi" mmoja.

Mara nyingi mshairi ni mwanamume na anayeimba ni mwanamke, na maneno yakigusa shoga na kanga, jua mshairi aliketi akasikiliza wanawake wakizungumza, au aliambiwa. Ukianza kutafuta rafiki wa mwimbaji aliyemsaliti, unatafuta mtu ambaye huenda hakuwahi kuwako.

Zipo nyimbo za kinyume, zinazotaja wazi. Siti binti Saad, mwimbaji wa zamani wa Zanzibar, aliimba kisa cha Kijiti na muuaji anatajwa kwa jina. Wimbo ule ulikuwa habari na lawama mbele ya watu. Lakini nyimbo za urafiki uliovunjika mara chache huenda njia hiyo, kwa sababu ya kivitendo sana: muuaji hutarajii kupatana naye. Rafiki unatarajia. Ukishamtaja jina, njia ya kurudi imezibwa kwako na kwake, na mtaa umekuwa shahidi. Fumbo linaacha nafasi ya kusema "sikukusudia wewe", na pande zote mbili zikajifanya zimeamini.

## Noti huchagua ubeti

Hapa ndipo nilipokwama kwa muda. Ikiwa maana inahama na kila anayetunza, kwa nini tujisumbue na mizani na viambishi? Si kila mtu achukue lake aende?

Kilichonikwamua ni kutazama wakati. Anayetunza hanyanyuki ovyo. Anasubiri ubeti wake, na wapenzi wa taarab wanaujua wimbo kwa moyo kiasi kwamba huanza kusogea mshororo mmoja kabla, ili noti ifike pamoja na neno. Katika wimbo wenye beti tatu, anayetunza ubeti wa kwanza analalamika: nilikuamini. Anayetunza wa pili anapiga. Anayetunza wa tatu ameomba suluhu, atake asitake, na kama alikusudia kupiga ukumbi utamwona kachanganyikiwa. Maneno yanaihama nia ya mtunzi, sawa, lakini hayakubali nia yoyote ile.

Basi ukitaka kujua wimbo umemaanisha nini usiku fulani, angalia mambo manne. Ubeti gani ulitunzwa. Njia gani ilipitwa kufika jukwaani. Je, aliyelengwa alijibu kwa kwenda kutunza naye, na ubeti upi. Na mwimbaji aliurudia mshororo gani baada ya kupokea, maana waimbaji ni wajanja, wanaona kila kitu kutoka pale juu na wanaweza kuongeza kuni au kuzivuta.

Kwa maoni yangu miaka ya 1990 ilibadili sikio letu. Mipasho ya Dar es Salaam, nyimbo za kurushiana maneno kati ya vikundi hasimu, TOT (Tanzania One Theatre) upande huu na Muungano upande ule, ilitufundisha kusubiri jibu. Wimbo ukitoka, wa kuujibu uko njiani. Rusha roho, taarab ya kisasa ya vikundi kama East African Melody, ikaongeza kasi na sauti. Burudani yake ilikuwa kubwa na sina ugomvi nayo, ila ilituachia mazoea ya kusikia kila wimbo wa rafiki kama kofi. Wimbo uliotungwa kuomba unasikilizwa kwa masikio yaliyozoea kutukanwa, na ubeti wa tatu unapita watu wakinunua soda.

## Lau ungeniuliza

Mshororo huu ndio kiini cha wimbo, na ndio unaosomwa vibaya kuliko yote.

Kosa linalolalamikiwa liko wapi? Kueneza siri walifanya wao. Rafiki alikuja wa pili. Lakini kuna jambo moja ambalo rafiki peke yake angeweza kulifanya na hakulifanya: kuuliza. Wimbo hauombolezi siri iliyovuja. Unaomboleza mazungumzo yaliyokosekana, yale ya mlangoni, kati ya watu waliokuwa wakiitana mchana hata usiku. Sasa rejea kwenye *mlangoni twaitana* uone ilivyowekwa mapema.

Na kuna *-nge-*. Sarufi ya vitabuni inatenga *-nge-* na *-ngali-*: *ungeniuliza* inaweza bado kutokea, *ungaliniuliza* wakati wake umekwisha. Ukilishika hilo, mshororo ni mwaliko: niulize hata sasa, nitakuambia kweli. Ila kuwa mwangalifu, kwa sababu katika mazungumzo watu huzichanganya, na mtunzi huweza kuchagua moja kwa ajili ya mizani tu. Hapa *Lau ungeniuliza* ni 8. *Lau ungaliniuliza* ingekuwa 9. Kwa hiyo *-nge-* peke yake haitoshi kuwa ushahidi, ilibanwa na hesabu. Angetaka kufunga, lakini, angeweza kuandika *Ungaliuliza kwanza* na kutafuta vina vya *-nza*. Njia ilikuwepo, hakuichukua.

Ushahidi wenye nguvu zaidi ni mshororo unaofuata *wa pili*: mlango haujakazwa, komeo liko mbali. Viambishi viwili vya sarufi, *-nge-* na *-ja-* ya *sijaukaza*, na picha moja vinaelekea upande mmoja. Hapo naridhika. Kimoja kingekuwa peke yake nisingethubutu.

Angalia pia kwamba hasemi mlango uko wazi. Hajaukaza. Atakayekuja itabidi ausukume.

## Lahani hudanganya

Watu huniambia: lakini wimbo wenyewe unachezeka, utakuwaje wa huzuni? Lahani ni shahidi dhaifu. Taarab imeazima kila mahali, Misri na filamu za Kihindi zikiwa mbele, na shairi la kilio linaweza kukalishwa kwenye lahani iliyozaliwa kwenye harusi ya sinema. Kinachofaa kusikilizwa ni mahali mwimbaji anapochelewa. Akivuta silabi ya *wa pili* hadi ngoma inamsubiri, au akiirusha haraka kama anayeona haya, hapo amekupa tafsiri yake, na tafsiri ya mwimbaji mwenye miaka mingi jukwaani ni ya kuheshimiwa hata ukiikataa.

## Ubeti uliokatwa

Kabla ya kutangaza kwamba wimbo fulani ni kijembe kitupu, hakikisha unao wote. Sahani za santuri za zama za Siti, zile alizokwenda kurekodi Bombay kuanzia mwaka 1928, zilichukua kama dakika 3 kila upande. Shairi refu lilibidi lipunguzwe, na kinachopunguzwa kwa urahisi ni cha mwisho. Redio nazo zimezoea kufifisha wimbo habari zikikaribia. Siku hizi kazi hiyo tunaifanya wenyewe: mtu anakata kipande kifupi cha ubeti wa pili, anakiweka kwenye stetasi ya WhatsApp saa mbili usiku, anakaa kutazama nani kaangalia. Kipande hicho kinaweza kuzunguka mtaa mzima mpaka watoto wakakijua kwa moyo, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusikia kwamba kuna mlango.

Ukiwa na rekodi ya studio na ya jukwaani za wimbo mmoja, anza na ya jukwaani. Ni ndefu, ina kelele, na mara nyingi ina beti ambazo studio ilizitupa. Zipange beti zote kwenye karatasi kwa utaratibu ulioimbwa, hata zinazojirudia, na uweke alama pale ukumbi uliposhangilia. Kisha soma zile ambazo ukumbi ulinyamaza.